Dawa Ilivuka Ziwa, Onyo Likabaki Ng'ambo

Salamabila iko katika teritwari ya Kabambare, kusini mwa Maniema, karibu na vilima vya dhahabu vya Namoya. Kusini yake uko mji wa Kabambare; magharibi, kuelekea mto Lualaba, uko Kasongo. Miji hiyo miwili ilikuwa vituo vya njia kuu ya karne ya 19, iliyoanzia Bagamoyo, ikapumzika Tabora, ikashuka Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika hadi Mtowa, kisha ikashika magharibi mpaka Nyangwe. Kiswahili cha Maniema kilifika kwa njia hiyo. Mpunga ulifika pamoja nacho, na Uislamu, na baruti. Kwa njia hiyohiyo watu wa Maniema walitolewa kwao katika minyororo, pembe za ndovu zikiwa mabegani.

Dawa nazo zilipita humo. Naifuata njia hiyo kituo kwa kituo, vitabu vya waliopita vikiwa mkononi, nikitafuta habari za kundi moja la dawa: zile zinazokausha mate na kamasi, kutuliza tumbo linalosokota na kuuendesha moyo mbio. Leo tunazijua kwa majina mengi. Hiosini, ambayo wengi huiita Buscopan, hupewa mwenye msokoto wa tumbo. Atropini hukaa katika chumba cha upasuaji. Promethazini hupewa mwenye mwasho au kichefuchefu. Triheksifenidili, yaani Artane, huwasaidia wanaotumia dawa za maradhi ya akili ambazo zimewakakamaza mwili. Amitriptilini, dawa ya sonona, ina tabia hiyohiyo ingawa hutolewa kwa sababu nyingine.

Nilichokiona kutoka kituo kimoja hadi kingine ni hiki: dawa hizi zimewafaa watu kwelikweli, ila zimetembea haraka kuliko onyo lake, na gharama ya pengo hilo imebebwa na wanaokaa mwisho wa njia.

Bagamoyo hadi Ujiji: moshi wa mnanaha

Juni 1857 wasafiri Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke waliondoka pwani wakiongozana na Waswahili, Wabaluchi na wapagazi. Novemba walikuwa Kazeh, ambayo ndiyo Tabora. Februari 1858 waliliona ziwa pale Ujiji. Miaka miwili baadaye Burton alichapisha kitabu kikubwa kuhusu safari hiyo, na ndani yake mna maelezo mafupi ya mmea ambao Waarabu na Waswahili waliuita muranha. Ni mnanaha, yaani datura: mmea wa mabonde yenye maji, wenye ua kubwa jeupe na tunda lenye miiba.

Burton aliandika kwamba wenyeji na wageni walikausha majani, maua na maganda ya mizizi, wakayavuta kwa kiko cha kawaida au cha maji. Maganda ya mizizi ndiyo yaliyohesabiwa kuwa makali kuliko yote. Ilikuwa tiba ya pumu na ya mafua mazito, kwa kuwa ililainisha makohozi na kupunguza kikohozi. Akaongeza kuwa watu wa huku hawakuutumia mmea huo kuwalevya wasafiri na kuwaibia, kama walivyofanya majambazi fulani wa India. Hata hivyo ajali zilikuwa nyingi, kwa sababu watu hawakujua ukali wake. Sentensi hiyo moja ni kumbukumbu ya madhara ya dawa katika njia yetu, na imeandikwa zaidi ya miaka 160 iliyopita.

Wavutaji wa mnanaha hawakukosea. Mmea huo una hiosiamini, atropini na skopolamini, na moshi wake hupanua njia za pumzi. Ulaya yenyewe ilijifunza kuvuta datura kwa ajili ya pumu kutoka India mwanzoni mwa karne ya 19. Ipratropiamu, ambayo mgonjwa wa pumu huivuta leo kwa kipulizo, ni ya ukoo huohuo. Karne nyingi kabla ya hapo, tabibu Ibn Sina aliyefariki 1037 alikuwa ameorodhesha mimea ya namna hii katika kitabu chake cha tiba, Qanun, pamoja na uwezo wake wa kulevya na kuua.

Tofauti ilikuwa kwenye kipimo. Mwaka 1831 mfamasia Mjerumani aliyeitwa Mein alipata atropini safi, na mwaka 1833 Geiger na Hesse wakachapisha matokeo yao kuhusu kitu hichohicho. Kuanzia hapo Ulaya iliweza kuipima dawa hiyo kwa sehemu ndogo mno za gramu. Mpagazi aliyevuta mnanaha kambini hakuwa na mizani. Majani ya mmea mmoja hayalingani nguvu na ya mwingine; mbegu na mizizi vina hesabu yake. Kiasi kilichomfungua kifua mtu wa jana kiliweza kumpagawisha mtu wa leo.

Kinachotokea mwilini kinaeleweka vizuri siku hizi. Viungo ambavyo hatuviamrishi sisi wenyewe, kama moyo, utumbo, kibofu na tezi za mate na jasho, hupokea ujumbe wa neva kupitia kemikali iitwayo asetilikolini. Mwaka 1921 Otto Loewi alionyesha kwa mioyo ya vyura kwamba neva husema kwa kemikali, na mwaka 1936 yeye na Henry Dale walipewa Tuzo ya Nobeli. Atropini na wenzake hukaa pale asetilikolini ilipopaswa kukaa, kama ufunguo uliovunjikia ndani ya kufuli, na ujumbe haupiti tena.

Ndiyo sababu dawa iliyokusudiwa mahali pamoja hugusa mahali pengi. Kinywa hukauka. Mboni za macho hupanuka, na herufi za karibu hazisomeki. Utumbo hulegea, choo kikafunga. Kibofu hujaa na mkojo usitoke. Jasho hukoma, ngozi ikawa kavu, nyekundu na ya moto. Moyo hukimbia. Kiasi kikizidi, dawa nyingine za kundi hili huingia ubongoni: mtu huweweseka, huokota hewani vitu visivyoonekana, hazijui tena sura za nduguze. Anayemwona kwa mara ya kwanza huweza kudhani amerogwa au ameingiwa na pepo, na hapo saa za kumwokoa hupotea.

Ujiji na Kabambare: sanduku lililoibwa

Januari 1867, mmisionari David Livingstone alikuwa bado mbali kusini mwa ziwa pale wachukuzi waliotoroka walipoondoka na sanduku lake la dawa. Aliona kama amehukumiwa kifo. Miaka miwili baadaye, Januari 1869, mapafu yake yalishikwa na ugonjwa mkali. Aliyemwokoa alikuwa mfanyabiashara Muhammad bin Gharib, aliyempa watu wa kumbeba hadi Ujiji. Njiani mganga wa msafara alimpiga chuku kifuani. Daktari aliyesomea Glasgow alikuwa sasa mikononi mwa tiba ya Waswahili, na alishukuru.

Septemba 1869 alifika Kabambare, aliyoiandika Bambarre. Mwaka uliofuata vidonda vya miguu vilimfungia kibandani kwa siku 80. Kilichomfaa ni malakiti, jiwe la kijani lenye shaba, lililosagwa kwa maji na kupakwa kwa unyoya. Palepale Kabambare zilimfikia habari za kipindupindu.

Mlipuko huo ulifika Unguja mwaka 1869 na kuua watu kwa maelfu. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu Unguja, aliufuatilia kwa kuwauliza wafanyabiashara na wasafiri, na mwaka 1876 alichapisha kitabu chake kuhusu kipindupindu cha Afrika Mashariki. Alionyesha jambo ambalo wengi walikuwa hawajalisadiki: ugonjwa ulifuata njia za biashara, kutoka soko hadi soko. Njia iliyoleta vitambaa na shanga Maniema ilileta na kipindupindu.

Hapa historia ya dawa zetu inagusana na historia ya kuhara. Mgonjwa wa kuhara husokotwa na tumbo, naye huomba kitu cha kuutuliza msokoto. Kumpa mtoto dawa ya kuusimamisha utumbo huonekana kama huruma. Kumbe kinachomuua mtoto huyo ni kukaukiwa maji, na utumbo uliosimamishwa huendelea kujaa maji na vijidudu bila chochote kuonekana nje. Shirika la Afya Duniani limeeleza wazi kwamba dawa za kusimamisha utumbo, ikiwemo mchanganyiko wa difenoksileti na atropini, hazipewi watoto wadogo wenye kuhara. Zinaweza kuupooza utumbo na kuua. Tiba ni maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo. Mwaka 1971, katika kambi za wakimbizi wa vita vya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis alionyesha kwamba maji hayo, yakinyweshwa hata na ndugu wa mgonjwa, huwaokoa watu wengi ambao wangekufa.

Kasongo: somo la kituo cha afya

Februari 1871 Livingstone aliondoka Kabambare kwenda Nyangwe, ambako tarehe 15 Julai alishuhudia wafanyabiashara wakiwapiga risasi mamia ya watu sokoni, wengi wao wanawake. Katika miaka hiyo ya 1870 mfanyabiashara Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kama Tippu Tip, alijenga makao Kasongo, na mji ukawa kitovu cha nguvu yake, wenye mashamba ya mpunga na miwa yaliyolimwa na watumwa. Tarehe 22 Aprili 1893 majeshi ya Francis Dhanis, akitumikia Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold, yaliuteka. Mmoja wa maofisa wake, Sidney Hinde, alikuwa daktari, na maandishi yake yanaonyesha jinsi alivyoshangazwa na bustani na utajiri wa Kasongo. Mji ulibadilisha mabwana. Wakulima wa Maniema waliendelea kubeba mizigo ya wengine.

Sura ya Kasongo inayonigusa zaidi ilianza miaka 80 baadaye. Katika miaka ya 1970, kwa ushirikiano na Taasisi ya Tiba za Tropiki ya Antwerp, Kasongo ilijenga mfumo wa vituo vya afya vinavyoongozwa na wauguzi, vikiwa na hospitali moja ya kupokea wagonjwa waliozidi uwezo wa vituo. Mwaka 1981 timu ya mradi huo ilichapisha katika jarida la The Lancet utafiti kuhusu chanjo ya surua na uhai wa watoto wa Kasongo, na wataalamu wa afya ya jamii waliusoma na kuujadili duniani kote. Wazo la msingi lilikuwa rahisi: muuguzi mmoja awajue watu wake, afuatilie mgonjwa hadi mwisho, na ajue wakati wa kumtuma hospitali.

Kwa dawa za kundi letu, hiyo ndiyo kinga yenyewe. Muuguzi anayemjua mzee wa kijiji anajua kwamba mkojo wake hutoka kwa tabu, hivyo hatampa kitu cha kuufunga kabisa. Anayemjua mama anajua kama amekosa hedhi mwezi huu, hivyo hatamchoma hiosini kwa maumivu ya chini ya tumbo kabla ya kufikiria mimba iliyotunga nje ya kizazi. Mwaka 1977 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu, na atropini ilikuwamo. Kasongo ilikuwa ikionyesha wakati huohuo kwamba orodha ya dawa haikamiliki bila mtu wa kuzieleza. Kisha vita vya 1996 na 1998 vikapita Maniema na kuharibu sehemu kubwa ya kilichojengwa.

Kaskazini ya njia: Ituri na Karamoja

Kabla ya kufika Salamabila nachepuka kaskazini, kwa kuwa matukio mawili ya karibuni yanafunua hatari za njia za leo.

Kuanzia mwisho wa 2014 hadi Agosti 2015, huko Ituri, mamia ya watu walifikishwa hospitali shingo zikiwa zimepinda, ndimi zimetoka, taya zimekaza. Wengine waliogopa homa ya uti wa mgongo. Uchunguzi ulionyesha kwamba walikuwa wamekunywa vidonge vilivyouzwa kama diazepamu, kumbe ndani yake mlikuwa na haloperidoli. Mkakamao wa namna hiyo hufunguliwa na dawa za kundi letu hasa, kama triheksifenidili au promethazini. Kitu kilekile kinachomchanganya mtu akili kikitumiwa ovyo humrudishia mwingine shingo yake kikitumiwa kwa ujuzi. Atropini nayo ndiyo dawa ya kwanza kwa aliyelishwa au kuvuta sumu za kuulia wadudu za jamii ya organofosfeti. Hakuna atakayependa hospitali ikose dawa hizi.

Machi 2019, huko Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, unga wa lishe uliogawiwa na Mpango wa Chakula Duniani katika wilaya za Napak na Amudat uliwafanya watu waweweseke, wawake homa na kupoteza fahamu. Karibu watu 300 waliugua na 5 wakafa. Ugawaji ulisimamishwa tarehe 15 Machi. Ndani ya unga, ulioletwa kutoka nje ya Afrika, vilipatikana atropini na skopolamini. Mbegu za datura zilikuwa zimechanganyika na nafaka. Mmea uliovutwa na wapagazi wa Burton ulikuwa umerudi kwa meli, ndani ya gunia la msaada, kwa akina mama wajawazito na watoto. Mwaka uliofuata wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa na wa Shirika la Afya Duniani walikutana kupendekeza viwango vya sumu hizo katika chakula. Kwa wafu wa Karamoja, onyo lilikuwa limechelewa.

Salamabila: mwisho wa njia

Salamabila inaishi kwa dhahabu. Kampuni ya Kanada, Banro, ilitangaza mwanzo wa 2016 kwamba mgodi wa Namoya umeingia katika uzalishaji wa kibiashara. Mwaka 2019 ukosefu wa usalama ulisimamisha kazi. Makundi yenye silaha, watu waliohama makwao, wachimbaji wadogo, kina mama wanaotwanga mawe: wote wanategemea huduma chache za afya, na Madaktari Wasio na Mipaka wamewahi kufanya kazi hapa kutibu wagonjwa na waliobakwa. Barabara ni mbovu, hospitali kubwa iko mbali. Katika mazingira kama haya mtu huanza na duka la dawa, ambako kidonge hukatwa kutoka kwenye karatasi yake na kuuzwa kimojakimoja. Anayenunua viwili anaondoka bila boksi na bila maelezo, na hata maelezo yenyewe ni ya Kifaransa au Kiingereza.

Tuwatazame wanunuzi. Mchimbaji anayetokwa jasho ndani ya shimo saa sita za mchana, akinywa dawa ya kuzuia jasho, amejifungia njia ya kupoza mwili wake. Mzee mwenye tezi dume anaweza kukesha na kibofu kilichojaa. Mwenye presha ya jicho anaweza kupata maumivu makali na kupoteza uwezo wa kuona. Mwenye ugonjwa wa moyo yuko hatarini kwa sindano ya hiosini. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliwakumbusha madaktari kwamba mbio za moyo zinazoletwa na sindano hiyo zinaweza kumuua. Mtoto chini ya miaka 2 hapewi promethazini, kwa kuwa inaweza kumkatiza pumzi. Na dawa hizi hujumlishana: ya mafua, ya tumbo na ya usingizi, kila moja ndogo peke yake, zikiwa pamoja humwondolea bibi kumbukumbu, na jamaa wakasema ni uzee.

Hatari kubwa zaidi, kwa mji ulio mbali na upasuaji, ni ile isiyotokana na sumu hata kidogo. Homa ya matumbo inaweza kutoboa utumbo. Kidole tumbo huvimba na kupasuka. Mimba ya nje ya kizazi huvuja damu ndani kwa ndani. Zote huanza kwa maumivu ya tumbo, na dawa ya kutuliza msokoto inaweza kuyapunguza kwa saa chache zilezile ambazo mgonjwa alipaswa kuwa kwenye pikipiki akikimbizwa hospitali. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Hapa dawa ndiyo inayoficha, na mgonjwa hajui kwamba anafichwa.

Haya yote yanajulikana, na ndiyo maana yanauma. Burton aliandika kuhusu ajali za mnanaha mwaka 1860. Mwaka 1864, huko Prague, daktari Kleinwächter alimtibu mtu aliyesumishwa na atropini kwa dondoo la haragwe la Calabar, mmea wa pwani ya Nigeria. Afrika yenyewe ilikuwa na dawa ya kuipinga sumu hiyo, na fisostigmini inayotokana nayo inatumika hadi leo. Ujuzi haujakosekana duniani. Umekosekana kwenye kaunta ya mbao ya mwisho wa barabara.

Kuufikisha hapo hakuhitaji mgodi wa dhahabu. Zoni ya afya inaweza kuwakusanya wauzaji wa dawa kwa siku moja na kuwafundisha maswali machache, kwa Kiswahili cha Maniema, kabla ya kutoa hiosini au dawa yoyote ya ukoo wake. Mzee, mkojo unatoka vizuri? Mama, una mimba, au umekosa siku zako? Una ugonjwa wa moyo au wa macho? Ni kwa mtoto mwenye kuhara? Kuna dawa nyingine unayokunywa? Kisha muuzaji amwambie mnunuzi: kinywa kitakauka, kunywa maji, usiingie shimoni wala usiendeshe pikipiki leo. Tumbo likirudia kuuma, likiwa gumu, au homa ikipanda, usije kununua tena. Nenda kituo cha afya. Ukimwona mtu ngozi kavu ya moto, mboni pana, anasema ovyo, mpeleke haraka pamoja na karatasi ya dawa aliyokunywa.

Maneno hayo hayachukui hata dakika mbili. Muuzaji asiyeweza kumwambia mnunuzi maneno hayo, asimuuzie dawa hiyo.